Stendi ya Chokaa, Mikumi

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimepewa Mikumi. Mimi, mwenye miezi saba tu kazini!

Inajengwa stendi mpya ya mabasi. Bosi wangu, Msanifu Melkizedek, ameshachora jengo lake. Paa linapanda na kushuka kama migongo ya tembo wakiwa kwenye foleni. Zuri, sikatai. Nimelitazama mpaka chai ikapoa.

Kazi yangu ni ndogo. Nikapime kiwanja, nione maji ya mvua yanaelekea wapi, nirudi na vipimo. Michoro yote inakabidhiwa Ijumaa ya tarehe 25.

Mama ameniuliza kama kweli simba wa Mikumi wanavuka barabara mchana. Amezaliwa hapa Kilosa, amezeeka hapa Kilosa, na Mikumi hajawahi kulala hata siku moja. Nikamwambia nitampigia nikimwona mmoja.

Jumatano, 9 Julai

Nimefika. Vumbi mpaka kwenye kope.

Gari lilipopita kijiji cha Ulaya nilimtumia ujumbe Domina, tuliyesoma naye chuo: niko Ulaya. Akauliza nimepata viza lini. Ni utani wa watu wa Kilosa, haujawahi kuchosha.

Mikumi tukashushwa upande usio na kitu — upande wa mtaro. Nyumba za wageni, vibanda na magari ya kwenda Iringa na Ifakara yote yako ng'ambo. Kati yetu na huko, barabara kuu na malori yake. Tukasimama kumi na wawili tukisubiri nafasi, kila mtu na mzigo wake, mimi na miguu mitatu ya kusimamishia kipimo cha ardhi begani. Dereva mmoja wa lori akatuonea huruma, akasimama. Tukavuka mbio kama mbuzi.

Ng'ambo nikanunua chai na chapati kwa mama mmoja anaitwa Teresia. Ndiye mwenyekiti wa akina mama wanaouza pale barabarani, wako thelathini na moja. Aliona bomba la michoro mkononi mwangu, akaomba aone stendi itakayojengwa hapo. Nikatandaza mchoro juu ya meza yake. Akalisifu paa. Kisha akainama karibu zaidi, akatafuta, akatafuta tena.

"Mwanangu, mimi niko wapi humu?"

Nikamwonyesha: soko lipo, nyuma ya ukuta, na limechorwa na watu wengine. Akauliza abiria watamwonaje kupitia ukuta. Nikakunja mchoro. Akaniongezea chai. Ningefurahi zaidi kama angenikasirikia.

Alhamisi, 10 Julai

Leo sikupima ardhi. Nimepima watu.

Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita nimekaa kwenye kreti ya soda na karatasi yenye ramani ya eneo. Kila anayeshuka kwenye gari, nafuata miguu yake kwa penseli. Kufika saa nne mistari imekuwa minene kama kamba. Wote wanapita njia moja: mtaroni, barabarani, kwenye chai, chooni kwa jirani, kisha gari la pili. Kwenye mchoro wa bosi njia hiyo hiyo ina ukuta wenye urefu wa mita sitini.

Goodhope, wakala wa tiketi, alikuja kuuliza kama mimi ni wa sensa. Nikamweleza. Akanichekea, akasema basi la Iringa halitakaa stendi zaidi ya dakika nne. Likizidisha, dereva atawashusha watu barabarani kama zamani, na stendi itabaki na mbuzi. Amesema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayekwambia mvua inakuja.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepima ardhi. Maji yanateremka kuelekea kusini. Jua kali ingawa ni Julai. Basi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekutana na Mwalimu Yusrah!

Anafundisha shule ya msingi Masanze, na kila Jumamosi anakwenda Kidodi, njia ya Ifakara, kumwona mama yake. Anatembelea kiti cha magurudumu. Gari la Kilosa lilimshusha kule kule upande wa mtaro. Nikakimbilia kusaidia.

"Shikamoo, mwalimu. Nikusukume?"

"Marahaba. Usinisukume, niambie tu lori likiwa mbali."

Nilimwambia. Akavuka kwa mikono yake, kofia ya jua haikusogea hata kidogo. Ng'ambo, tukisubiri gari la Ifakara, akaomba mchoro kama alivyoomba Mama Teresia. Huyu hakutazama paa. Aliweka kidole kwenye geti, akakiburuza: geti, kona, ngazi tatu, ukumbi, ngazi tatu nyingine, gari. Akauliza kama ngazi ni za lazima au za urembo. Nikasema ni za heshima ya jengo.

Alicheka mpaka kondakta akageuka. "Basi mwambie bosi wako mimi heshima yangu naibeba mwenyewe, anipe sakafu iliyonyooka."

Nimeandika maneno yake kama yalivyo ili nisiyapambe.

Jumatatu, 14 Julai

Nimempigia bosi. Nilijiandaa na hoja saba.

Nikamwambia jengo, barabara na soko haviwezi kuchorwa mbali mbali, kwa sababu mtu akishuka kwenye gari anavitumia vyote ndani ya dakika tano. Bosi akasikiliza. Kisha akasema sisi tumepewa jengo. Barabara ina wenyewe, soko lina wenyewe, kila mmoja afanye chake na tarehe 25 ni tarehe 25.

Nikasema: "Sawa, bosi."

Sawa, bosi! Hoja sita zikabaki mdomoni. Nimezunguka kijiwe cha bodaboda mara tatu nikijibizana naye kichwani, na kichwani nilishinda.

Jumanne, 15 Julai

Mama Teresia ameniuliza kulikoni, uso umenishuka. Nikamweleza. Hakunipa pole. Akauliza stendi ina ukubwa gani. Nikasema imezidi kidogo uwanja wa mpira.

Akanyamaza, akageuza chapati.

"Si uwanja tunao? Ichore pale tuingie tuone."

Nilidhani ananitania. Kumbe hapana.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbili za kuombaomba. Uwanja ni wa timu ya mtaa, na kocha wake Boniface analinda nyasi kama shamba la mpunga. Amekubali kwa masharti mawili: tumalize Jumamosi kabla ya saa tisa, wana mechi, na mistari yetu isichanganywe na yake. Ameniazima mashine ya kupigia mistari. Chokaa mifuko minne imetoka kwa fundi mmoja anayejenga nyumba ya wageni. Kamba zimetoka kwa akina mama, nyingine bado zina harufu ya dagaa.

Goodhope ameahidi basi. Nikamuuliza basi gani. Akasema nisijali.

Bosi sijamwambia. Naandika hapa tu: naogopa.

Jumamosi, 19 Julai

Nianze mwanzo.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa uwanjani na tepu. Kufika saa tatu stendi nzima ya bosi ilikuwa imelala chini kwa chokaa, ukubwa wake halisi: ukumbi, ngazi, ukuta, geti, maegesho. Kona moja tu ya maegesho ilikosa nafasi, ikaingia kwenye mahindi ya jirani. Wachezaji wa Boniface walisimama kuwa nguzo, kila mmoja mahali pake. Akina mama wakapanga meza nyuma ya ukuta, kama mchoro unavyotaka.

Watu wakaanza kupita. Wengine walikuja kuangalia mazoezi, wakajikuta ni abiria. Mzee mmoja alivuka ukuta bila habari. Tukampigia kelele kwamba hapo ni ukuta. Akaomba radhi kwa ukuta na kurudi.

Mwalimu Yusrah alishuka kwenye gari la Kilosa, akapitia kwetu. Nikamwomba aende kutoka geti mpaka gari la Ifakara bila kugusa mstari. Kwenye ngazi akasimama. Akakaa hapo hapo, amekunja mikono, dakika nzima, uwanja mzima ukimtazama. Hata bodaboda walizima injini.

Kisha basi likaja. Kubwa, la kweli! Lilikuwa Mikumi likisubiri zamu, na dereva wake, Cosmas, ni shemeji yake Goodhope. Akaingia getini vizuri, akakata kona, akakata zaidi, na nguzo namba nne — beki wa kati, kijana mkubwa — akaruka pembeni na kuanguka kwenye ukumbi. Uwanja ulicheka mpaka Cosmas akalala juu ya usukani. Kurudi nyuma, mbele, nyuma tena. Dakika kumi na moja kuingia na kutoka. Goodhope alinionyesha saa yake tu.

Nilidhani imeishia hapo. Ndiyo kwanza ikaanza.

Mama Teresia alichukua fagio akafuta ukuta. Wote, mita sitini. Bodaboda wakataka nafasi ile. Akawaambia waisahau. Wakabishana. Nikaingia katikati na kamba: meza za akina mama zikae mstari mmoja, kivuli kimoja kiwafunike wao na abiria wanaosubiri, bodaboda wakae mwisho wa mstari ambako mtu anamaliza safari. Wakajaribu. Wakasogezana hatua mbili. Wakakubaliana. Nguzo namba nne ikahamia upande wa pili kwa miguu yake. Ngazi tulizifuta, sakafu ikawa moja kuanzia gari hadi gari. Na gari la Kilosa tukaliingiza ndani, lisimtupe tena mtu upande wa mtaro. Kwa wale wa miguu tukaweka kivuko kimoja tu, kipana, mbele ya chai, pale pale ambapo miguu ilishachagua.

Cosmas akaingia tena. Dakika tatu na sekunde arobaini.

Mwalimu Yusrah akapita kutoka mwanzo hadi mwisho, hakusimama. Alipofika akaagiza soda, akasema gari lake la Ifakara limeshamwacha kwa ajili yetu, atapanda lijalo.

Saa nane na dakika hamsini Boniface akapuliza filimbi. Mechi ilichezwa juu ya stendi. Wametoka sare.

Jumapili, 20 Julai

Nimechora kutwa. Sasa najua kila mstari ni mtu gani. Paa nimeliacha. Nimelirefusha tu kidogo, lifike kwenye meza za chai. Nalipenda, na sasa lina kazi.

Jumatatu, 21 Julai

Saa mbili asubuhi nimemtumia bosi michoro. Kabla yangu, video ya beki akikimbia basi ilikuwa imeshamfikia. Ilizunguka magrupu yote ya Kilosa. Hata Mama ameniuliza kama yule mwenye kofia na kamba ni mimi.

Bosi alipiga saa nne. Sauti ya chini, ile mbaya. Akauliza nani aliniruhusu kuuchora mchoro wake chini watu waukanyage. Nikasema hakuna. Akauliza kama najua maana yake kikazi. Nikasema najua.

Kisha, sijui nilipata wapi ujasiri, nikasema: "Bosi, naomba uje uone. Na naomba uje na gari la abiria."

Akakata simu.

Jumanne, 22 Julai

Hakuna ujumbe. Nimekunja nguo zangu zote, nimezikunjua. Mama Teresia amekataa nilipie chapati, akasema hata waliofukuzwa kazi wanakula.

Jumatano, 23 Julai

Saa tano gari la Kilosa lilisimama upande wa mtaro na bosi akashuka. Na gari la abiria! Koti jeusi limekuwa la kahawia. Bomba la michoro kwapani, begi mkononi. Alisimama pale na wengine wakisubiri malori yapite. Nilihesabu: dakika sita. Kisha akavuka mbio kama sisi sote, koti likipepea.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba." Akafuta uso kwa leso. "Hii barabara inavukwa hivi kila siku?"

"Kila siku."

Tukaenda uwanjani, na hapo moyo ukanishuka. Mechi na mazoezi vimeifuta chokaa karibu yote. Ningemwonyesha nini? Nikaanza kujieleza. Kumbe nyuma yangu Mama Teresia ameshawaita wenzake. Wamekuja na meza vichwani bila kuombwa, wakaziweka kila moja mahali pake bila mstari, bila kamba. Bodaboda wakajipanga mwisho. Goodhope akasimama kwenye geti. Beki akaja kuwa nguzo namba nne.

Bosi ameipita stendi mara tatu. Mara ya kwanza haraka. Mara ya pili akihesabu hatua. Mara ya tatu ameburuza begi lake sakafuni, kutoka gari hadi gari, akisikiliza magurudumu yake. Amenunua chai. Amekaa pale ambapo kivuli kitakuwa, juani, akatazama.

Kisha akauliza: "Choo kiko wapi?"

Watu zaidi ya sitini tukaanza kukitafuta kwa macho. Tumeweka kila kitu. Choo tumesahau sote, hata mimi niliyefuata miguu ya watu mpaka mlangoni mwa choo cha jirani!

Sasa ni saa nane kasoro. Naandika nimekaa kwenye mstari wa goli. Bosi hajasema ndiyo, hajasema hapana, na keshokutwa ni Ijumaa. Ila koti amelivua, amemkabidhi beki. Amechukua ndoo ya chokaa iliyobaki na kuchora choo karibu na geti. Mama Teresia amemwambia hapo upepo utaleta harufu kwenye chapati. Bosi amemweleza habari za mabomba. Mama Teresia amemweleza habari za upepo. Akina mama wawili wanamwonyesha kwa kanga upepo unavyokwenda. Bosi amekuna kichwa, amefuta kwa kiatu, amesogea hatua kumi, ananiita nilete tepu, na Mama Teresia ameshika mpini wa ndoo upande wake, haachii. Nafunga daftari, naenda na tepu.