Gari Ndogo ya Chuma Uliyotuachia Dirishani

Ni mwaka mmoja sasa, Papa Fifi, tangu utoke kwenye mlango wetu wa Kashebere na nyundo mkononi, ukasema utarudi kabla supu haijapoa. Supu ilipoa. Mke wako Kanyere aliipasha moto, ikapoa tena, akaipasha tena, mpaka binti yako Fifi akamwambia, "Mama, sasa tuikule."

Wewe Omer, mtu wa Butembo, ulifika huku ukifuata magari na ukabaki kwa ajili ya magari. Barabara yote, toka Sake mpaka Walikale, ilikujua kwa kazi ya shasi, yaani uti wa mgongo wa gari. Lori likivunjika mgongo katika matope, dereva hakuuliza gereji iko wapi. Aliuliza, "Omer iko?" Ulilala chini yake juu ya gunia la makaa, ukatoka uso mweusi meno meupe, na kabla ya kunawa ulipiga shasi nyundo moja, ukatega sikio. Ikilia vizuri, ulifanya ishara ya msalaba. Ikilia vibaya, ulirudi chini, hata kama dereva anatukana.

Hukula kabla mgeni hajala. Ulipenda pilipili kuliko nyama. Katika misa usingizi ulikukamata wakati wa mahubiri, mke wako akakuchoma kwa kiwiko, na wewe ukaitika "Amina!" mahali pasipokuwa na Amina. Padri alikuzoea. Sisi tulikuzoea. Hatujazoea kukukosa.

Kisha vita ikaja kukaa barabarani, na magari makubwa yakaacha kupita. Mashine yako ya kuunga vyuma ikalala chini ya turubai, mikono ikakuwasha. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa kwenu, akikimbiza bidhaa zake, akakuachia gari ya mchezo, ile ya kuongozwa kwa telekomande, yenye magurudumu makubwa ya kupanda milima. Shasi yake ya plastiki ilikatika katikati, hakuna ambaye angeinunua. Uliiweka kiganjani, ukaigeuza, ukacheka.

"Mama Fifi, angalia. Hata hii imevunjika mugongo. Njo kusema ilipita barabara yetu."

Uliijengea shasi mpya ya chuma, kwa heshima ile ile uliyowapa wenye malori. Mihimili miwili ya pembeni uliikata kwenye kitanda kilichovunjika, kitanda cha marehemu mama yako. Vya kushikanisha katikati ulivikata kwenye bati la mkebe wa mafuta ya msaada. Springi ulizitoa kwenye msumeno wa chuma uliokwisha meno, kwa sababu chuma ile inajipinda na inarudi. Akseli zilikuwa vijiti vya gurudumu la kinga, ile baiskeli uliyofika nayo. Kwanza ulijaribu kuunga kwa moto, bati likatoboka kama mkate. Ukatupa, ukaanza upya na rivete, yaani misumari uliyoifupisha na kuigonga kichwa pande zote mbili.

Fifi alikuuliza, "Papa, juu ya nini hauiungi na moto?"

"Shasi ya lori haiungwi na moto yote, mutoto wangu. Inapigwa rivete, ipate kujipinda kidogo mu mashimo. Ile inajikaza sana njo inavunjika."

Mke wako alikuwa anachambua maharagi. Aliyasikia maneno yale, akayaweka moyoni.

Siku ya kuijaribu, kwenye kilima nyuma ya kanisa, ndugu yako Léopold alisimama njiani na fimbo kama mtu wa bariere, kile kizuizi cha barabarani. "Simama! Leta karatasi!" Wewe ukaipitisha katikati ya miguu yake. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Katika mwaka ule wote, ilikuwa gari ya kwanza kupita bariere bila kuombwa kitu.

Lakini ulikuwa umefanya kosa moja. Waya wa antene, ambao kwenye plastiki ulining'inia peke yake, wewe uliukaza kwenye chuma. Jumapili moja baada ya misa, gari ilikuwa mezani katikati ya sahani, tumesahau kuizima. Telekomande ilikuwa juu ya kabati. Magurudumu yakazunguka, yakaacha, yakazunguka tena. Gari ikasukuma kikombe, kikaanguka. Fifi akapiga kelele. Jirani yetu Mama Verdiane, mwenye shamba kule juu, akasimama na sahani yake mkononi.

"Miye ninarudia kwangu. Mu nyumba yenye chuma inatembea yenyewe, maharagi haishuki."

Wewe ulikwenda dirishani. Punde jeep ya watu wenye silaha ikapita, antene ndefu inapepea, na waliokaa nyuma wanaongea katika motorola zao, redio za mkononi. Ilipozama nyuma ya kilima, gari yako ikatulia.

"Kumbe," ulisema. "Nilikaza antene mu shasi. Sasa shasi yote imekuwa sikio. Bakiongea mu radio zabo, inasikia."

"Itoshe basi, iondoe mu chuma," mke wako akakuambia.

"Hapana. Mbwa yetu ilikuwa inalinda, lakini ilikuwa inakula. Hii haikule."

Tangu hapo makao yake yakawa dirishani. Mara nyingi ilitushtua bure. Mara nyingine haikuwa bure, na wenye silaha walipofika tulikuwa tumeshajificha migombani.

Siku uliyotuacha, ilitembea kabla supu haijaiva. Uliitazama, kisha ukamtazama mke wako.

"Chukua Fifi na Mama Verdiane, muende mu migomba. Léopold naye aende."

"Na weye?"

"Gari yabo imevunjika, ninaisikia inalia toka kule chini. Banatafuta fundi. Bakikosa fundi, batachoma nyumba. Nitaitengeneza, nitarudia. Supu isipoe."

Toka migombani Kanyere alikuona umekaa juu ya gari lao, nyundo magotini. Hukugeuka. Alijua kwa nini. Ungegeuza kichwa, wangeona unaaga nani, na wapi.

Aliyerudi na nyundo ni Habineza, dereva waliyemchukua njiani kama wewe. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mama, mabomu ilianguka karibu na Mubambiro. Alikuwa chini ya gari, anapiga rivete. Tulimuzika pamoja na wengine, pembeni ya barabara. Hakuna musalaba. Kuko muti moja wa mikaratusi, kichwa yake ilikatika."

Mke wako aliuliza swali moja tu. "Mulimulaza anaangalia wapi?"

Habineza akafikiri. "Ku nyumba, Mama. Ku Kashebere. Nilimugeuza miye mwenyewe."

Basi tukalia, lakini kilio kisicho na mwili hakijui pa kuishia. Na gari dirishani ikaendelea kutembea. Ilitembea siku watu walipokuja kutupa pole. Ilitembea mchana, wakati wa sala ya Malaika wa Bwana. Wengine walisema njo weye, ndiye wewe mwenyewe, hujapumzika, unatafuta nyumba. Kanyere anaamini ufufuko wa wafu, haamini mizimu. Lakini mtu anaweza kuamini vizuri na bado asipende kupita karibu na dirisha lile peke yake. Kila mara alichungulia njia, na mara nyingi aliona jeep. Mara nyingine hakuona. Swali lilibaki moja nyumbani kwetu: Omer amepumzika, ao hapana?

Léopold alikuwa na jibu. Kwa desturi, mwili ukipotea, watu wanazika shina la mgomba mahali pake, ili kilio kitoshwe, yaani kimalizwe, na wajane wavue nguo nyeusi.

"Tuzike mugomba," alisema, "na hii kitu iingie mu shimo pamoja nao. Pepo ya kaka yangu imenasa mu chuma yake. Mama Fifi, unamufunga mume wako na batri."

Maneno yale yalimchoma mke wako. Alisali juu yake, rozari baada ya rozari, na mwisho akakubali mgomba uzikwe. Juu ya gari akasema tu, "Tutaona siku ile."

Siku ile tulikusanyika uani, jua likiwa juu. Shimo lilikuwa tayari, shina la mgomba limefungwa kwa kitenge kama mtu. Habineza alikuja, Mama Verdiane alileta sufuria ya maharagi. Kanyere alitoka na gari yako, akaiweka ukingoni mwa shimo, akaiwasha.

"Juu ya nini unaiwasha?" Léopold akauliza.

"Watu wakikusanyika, wenye silaha wanasikia harufu. Ikinyamaza mpaka mwisho wa sala, njo nitaizika."

Hatukumaliza Baba Yetu. Magurudumu yakazunguka. Gari ikarudi nyuma, ikaja mbele, ikaelekea miguu ya Léopold. Ndugu yako akaruka, udongo ukateleza, na yeye akaangukia kaburini, akilikumbatia shina la mgomba. Aliingia kaburi lako kabla yako, Papa Fifi. Wanawake walikimbia huku na huku. Mmoja alikuita jina, akakuomba msamaha kwa deni ambalo hatukulijua.

Ni Kanyere peke yake ambaye hakusogea. Alikuwa anatazama njia.

"Papa Léopold, toka mu shimo. Si Omer. Njo bao banakuya, wenye silaha. Wanaume bote na Fifi, mu migomba. Mbio!"

"Una hakika?"

"Kama ni Omer, atanisamehe. Kama ni bao, hawatakusamehe."

Wakaenda. Walibaki wanawake wazee, Mama Verdiane na mke wako. Gari haikupata wakati wa kuzimwa. Kanyere aliifunika chini ya kitenge chake, akakaa kando ya kaburi, akaanzisha rozari. Jeep ikasimama uani. Radio zao zilikuwa zinaongea, na chini ya kitenge magurudumu yalizunguka juu ya tumbo lake. Yalipiga, yakaacha, yakapiga, kama Fifi alivyopiga kabla ya kuzaliwa. Aliinua sauti. Wote wakainua.

Mkubwa wao alishuka, akatazama shimo.

"Wanaume wako wapi? Tuko na mizigo ya kubeba."

"Mumoja iko humu," Kanyere alijibu, akionyesha shina lililofungwa kitenge. "Mulimuchukua, hamukumurudisha."

Sauti za rozari zikakatika. Na katika kimya kile, chuma chako kikalia.

"Nini inalia?"

"Ni tumbo yangu, mukubwa," Mama Verdiane akasema bila kupepesa. "Tangu jana hatujakula, na maharagi iko inatuangalia."

Vijana wao wawili walicheka. Mkubwa hakucheka. Alitazama shimo tena, akavua kofia, akairudisha kichwani haraka kama mtu aliyejikuta amekosea. Wakaondoka na maharagi, sufuria na mwiko. Hawakuondoka na mtu.

Walipopotea nyuma ya kilima, magurudumu yalitulia juu ya tumbo la mke wako. Alikaa pale muda mrefu, mikono juu yake. Watu walidhani anasali.

Léopold alirudi na majani kichwani. Alimwomba mke wako radhi mbele ya wote. "Shemeji, hii haiingii mu shimo. Mimi njo nilipaswa kubaki humo." Tukauzika mgomba, tukaweka nyundo yako juu yake, na kilio kikatoshwa.

Leo mgomba uko Kashebere, wewe uko Mubambiro, na sisi vita imetusukuma mpaka Kibua. Kanyere alifika huku na gari yako mgongoni, imefungwa kama mtoto. Batri zilikufa wakati wa Kwaresima na hatukuweka nyingine. Gari haisikii mtu tena. Iko dirishani, na kila asubuhi mke wako anafuta vumbi, ananyoosha magurudumu ya mbele yaangalie ndani ya nyumba.

Kila asubuhi anayakuta yamegeuka upande jua linapotokea, upande wa Sake na Mubambiro.

Fifi anasema ni chuma, inajirudia. Léopold anasema ni panya. Mama Verdiane hapiti karibu. Na mke wako anakumbuka kwamba Habineza alikulaza ukiangalia nyumbani. Amejikaza mwaka mzima, na wewe ulisema kile kinachojikaza sana njo kinavunjika.

Tangu juma lililopita ameacha kuyanyoosha magurudumu.

Gari uliyoijenga kwa mikono yako inakuangalia, nawe unatuangalia. Kati yenu kuna barabara moja tu, na iko siku itafunguka. Tutakuja na msalaba, tuutafute mti uliokatika kichwa. Msalaba utakuwa wa chuma, wa kupigwa rivete.

Mpaka siku ile wanakuombea mke wako Kanyere, binti yako Fifi, ndugu yako Léopold, rafiki yako Habineza, jirani yako Mama Verdiane, na madereva wote wa barabara hii ambao magari yao bado yanatembea juu ya kazi yako. Misa itasomwa Jumapili Kibua. Supu itakuwepo, yenye pilipili.

Pumzika, Papa Fifi. Daima tutakukumbuka, na njia ikifunguka tutakuja.