Maneno 1,146 ya Haboba na Diski Iliyobaki kwa Fundi

Jumatano, Kawangware. Baridi, na manyunyu tangu asubuhi.

Jumapili saa nane mchana nilipoteza maneno 1,146 ya haboba wangu. Haboba ni nyanya, yaani bibi, kwa Kinubi. Alifariki mwaka juzi, kwake Makina, mtaa wa Wanubi huko Kibera.

Sikuibiwa. Nilipanga mwenyewe, tena vizuri sana.

Mfumo wa zamani wa kompyuta yangu ulikuwa umefika mwisho. Masasisho hayaji tena, na kuwaka tu ni dakika tatu na sekunde arobaini. Mimi nakula kwa kuchapa: barua, CV, programu za mazishi. Siwezi kumwambia mtu aliyefiwa angoje mashine iamke. Basi wiki mbili nzima nikalinganisha mifumo huria, ile ya bure ambayo yeyote anaweza kuifungua akaona ndani. Nilijaribu mitatu kutoka kwenye flash. Wa kwanza ulipendeza, lakini ulikula nusu ya RAM, na ninayo GB nne tu. Wa pili haukuitambua printa yangu. Wa tatu, Debian, hauna urembo wowote, ila unatunzwa kwa miaka na haukusumbui. Ndicho nilichotaka. Kitu kisichoniacha njiani.

Fundi wangu, Kevo, akatoa diski ya zamani, akaweka mpya na Debian ndani. Sasa inawaka kwa sekunde kumi na tisa. Nilijisifu hadi nyumbani.

Kisha nikaandika gurusa, ile chapati laini ya kwetu, na mstari mwekundu wa neno lisilojulikana ukatokea chini yake.

Haboba akiwa hai, kila Ijumaa nilikuwa naenda na laptop kwake, nachapa kazi za wateja huku yeye anasuka tabaga, kawa za rangi za kufunikia chakula. "Andika hili," ananiambia, anataja neno la Kinubi. Mstari mwekundu unatokea. Anapiga makofi. "Imeshindwa! Mashine yako haikusoma Makina." Nabofya 'ongeza kwenye kamusi', mstari unatoweka. "Haya, sasa imekuwa mtu. Ipe lingine."

Maneno sita kila Ijumaa, Ijumaa 191. La saba alikataa katakata: "Itavimbiwa."

Sikuyaandika popote pengine. Kwangu, kuongeza kwenye kamusi kulikuwa ndiko kuhifadhi. Kabla ya kwenda kwa Kevo nilinakili hati zangu zote, 2,308, nikazihesabu mara mbili. Kamusi haikuwamo. Kumbe programu huiweka kwenye folda iliyofichwa, na mimi na hesabu zangu sikuwahi kuuliza inakaa wapi.

Shangazi ananiambia, "Lugha si iko? Wazee wamejaa Makina, nenda ukawaulize." Ni kweli, lugha iko. Lakini ni mzee gani atanipa jina ambalo haboba alimwita jogoo wa jirani? Au lile neno alilonitungia mimi nikinuna?

Tangu Jumapili nakumbuka na kuandika, safari hii kwenye daftari. Nimefika 43.

Lile la kununa silikumbuki.

Hapa kwetu spea kuukuu hubaki kwa fundi. Ndio mtindo, na sikubishana. Jumatatu nilimpigia Kevo. "Sister, relax, iko kwa droo." Jana: "Nilipea msee fulani wa Sarang'ombe, lakini ataileta." Leo asubuhi: "Kwani si nilikuuliza kama umetoa vitu zako zote?"

Uliniuliza, Kevo. Nikasema ndiyo. Kosa hilo ni langu na nimelibeba. Lakini majibu matatu kwa siku tatu si yangu, ni yako.

Najua unasoma blogu hii, ulinicheka kwa ile niliyoandika wiki jana. Basi soma na hii. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kilichofutwa kwenye diski huweza kurudishwa, mradi hakijaandikiwa juu. Kila siku huyo msee akiiwasha, haboba anaandikiwa juu. Sitaki pole, wala diski nyingine nzuri zaidi. Nataka ile ile, hata kama imekwaruzika, hata kama ni ya kuazima kwa saa moja.

Iko wapi, na imeshaandikiwa kitu au bado? Nipigie uniambie kwa mdomo wako, kabla ya kesho saa kumi jioni.