Gambuti za Baba Chebet

Jumanne jioni

Kumbe hazivuji! Wiki tatu mume wangu anaenda kuchuma majani chai na malapa, eti gambuti zimetoboka. Leo asubuhi nikazijaza maji nikaziegemeza ukutani. Hakuna hata tone lililotoka. Nilikasirika, nikazimwaga maji, nikamwambia avae nikiona. Mguu ukakataa kuingia, umevimba.

Tukaenda kliniki. Ana sukari miaka tisa na dawa anameza, lakini hajapimwa mkojo kuangalia figo tangu... hata sikumbuki. Daktari anasema figo zimekuwa zikidhoofika polepole bila kumuuma, ndiyo maana tulidhani ziko sawa. Miguu kuvimba mara nyingi huja figo zikiwa zimeshachoka.

"Mama Chebet, nilijua ukiuona mguu utaogopa," akaniambia tukirudi.

Huyu mtu. Na ni kweli, naogopa.

Jioni nimembonyeza mguu, alama ya kidole ikabaki. Akacheka, eti nimempigia sahihi. Nikacheka pia, halafu nikaushika ule mguu mpaka alama ikajaa.

Gambuti nimezipangusa, nikazirudisha mlangoni kando ya zangu.