Wembe wa Msiba

Jumatatu, 3 Machi 1975
Mvua. Kutwa nzima kufukia nyasi kwenye matuta. Mgongo sina. Jioni nimefundisha kisomo cha watu wazima. Bibi Skola, jirani yetu, ameandika jina lake lote, akacheka kama msichana. Anjela, mtoto wa Kaka Deo, bado ana surua. Homa haishuki.

Jumatano, 5 Machi
Anjela amekufa alfajiri. Alikuwa akiniita Mama Mdogo ingawa mimi ni shangazi yake. Nimelia hadi sauti imekwisha.

Ijumaa, 7 Machi
Wameleta mganga kutoka bondeni. Amemtaja Bibi Skola kuwa ndiye aliyemroga Anjela. Mjane, hana mtoto. Kosa lake ni kuwa jirani, na ujirani hakuuomba: Operesheni ya Vijiji ndiyo iliyopanga nyumba zetu mstari mmoja. Baba ameafiki. Deo ananoa panga. Nawachukia. Nawapenda. Yote mawili.

Jumamosi, 8 Machi
Nimesoma habari za Yonathani. Baba yake anataka kumwua Daudi, naye anamtorosha Daudi. Nimemwomba Mungu anipe neno jingine, jepesi. Giza lilipoingia nimemleta Bibi kwangu, nimemficha nyuma ya kihenge cha mahindi.

Jumapili, 9 Machi
Wametoka kanisani wakaenda kuchoma nyumba yake. Kisha kwangu. Binamu zangu wote, na mawe. Nilisimama mlangoni.
"Mtoe huyo mchawi, Yustina," Deo akasema.
"Hatoki."
Akanipiga kwa mpini wa jembe. Mkono ukavunjika, ukalia kama ukuni mkavu. Nikaanguka, nikalala palepale kizingitini ili wanikanyage kwanza. Jiwe likanipasua kichwa. Damu machoni. Bibi akataka kujitoa mwenyewe, nikamfokea akae. Filimbi ya mgambo ndiyo iliyowatawanya.
Baba aliondoka wa mwisho. "Siku ya kunyoa usikanyage kwangu."
Asiyenyolewa msibani si wa ukoo. Hilo liliniuma kuliko mkono.

Jumatano, 12 Machi
Leo wananyolewa kwa Baba. Vilio nimevisikia hadi huku. Sikwenda.
Mkono umefungwa vijiti, siwezi kushika wembe. Bibi Skola amechemsha maji, akaninyoa taratibu, akizunguka kidonda. Alikuwa akilia, mimi sikulia. Nywele tumezifukia kwenye tuta pamoja na nyasi.
Kesho nitakwenda shambani bila kitambaa kichwani. Deo ataniona.