Uso Nilioupa Jina la Mama Apolonia

Rujewa, Mbarali,
23 Novemba 2024.

Mpendwa Shangazi Yusta,

Shikamoo. Habari za Mlandege, na goti lako linaendeleaje? Sabina amemaliza mitihani salama? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia. Kwa simu ningelia tu, ndiyo maana naandika. Nataka habari hii uisikie kwangu kabla hujaipata kwa wenzako wa kwaya.

Nimemwaibisha Mama Apolonia, rafiki yako uliyeniombea chumba kwake. Nimemwaibisha mbele ya mkutano mzima.

Unajua kazi yangu ni kutunza takwimu za umoja wa wakulima wa mfereji. Kila msimu wanakaa kupanga zamu za maji, na kila msimu majedwali yangu huwasinzisha. Safari hii nikatumia kitu tulichofundishwa chuoni Mbeya: kila kikundi nikakichorea uso mmoja unaobeba mambo mengi kwa pamoja. Ukubwa wa macho ni maji waliyopata, mkunjo wa mdomo ni mavuno, upana wa uso ni eneo la majaruba yao ya mpunga, wingi wa nywele ni mbolea. Mtu akitazama mara moja tu anaona nani ameumia. Nilijivuna sana, shangazi.

Kuna jambo sikulifikiria. Huku kikundi huitwa kwa jina la mwenyekiti wake, nami nikaliandika jina hilo chini ya kila uso, kama tunavyofanya siku zote kwenye majedwali. Kikundi cha Mama Apolonia kiko mwisho kabisa wa mfereji, ambako maji hufika yakiwa yamechoka. Basi siku ya mkutano ukutani ukatokea uso mkubwa, mpana, vijicho kama punje za ulezi, mdomo umepinda chini, nywele za kuhesabika. Na chini yake: APOLONIA.

Mzee Saulo, mwenyekiti wa kikundi cha juu, maji yanakoanzia, ndiye aliyeanza. "Mama, picha hii ulipiga lini? Siku hiyo chai ilikosa sukari?" Mwingine akadakia, "Afadhali angevaa kilemba!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Badala ya kueleza, nikababaika na nyaya za projekta. Na kwa woga nilitabasamu. Mama Apolonia aliniona.

Akajifunga khanga yake vizuri, akatoka. Watu wa kikundi chake wakamfuata, na zamu zikapangwa bila wao. Wamewekwa nyuma ya wote, na vitalu vyao vya mpunga vimeshaanza kukauka. Katibu wa umoja akaniambia nifute michoro yote na nisiitaje tena. Naiogopea kazi yangu, maana bado niko kwenye muda wa majaribio.

Nyumbani chakula ananiwekea kama kawaida, ila haniiti tena "binti wa Yusta". Jana nilipiga magoti nikamwomba radhi. Alinisikiliza huku akichambua mchele, kisha akauliza yale macho madogo maana yake nini. Nikamweleza macho, mdomo, nywele, vyote.

"Kumbe walikuwa wanacheka maji waliyotunyima," akasema. "Jumatano wanakaa tena. Uilete sura ile ile. Jina langu usilifute. Na utasimama wewe uwaeleze, maana wewe ndiye uliyekaa kimya."

Nimemkubalia. Katibu bado hajui, na kila nikimwona koridoni napitia mlango mwingine. Lakini Jumatano nitasimama. Msamaha nitautafuta mwenyewe, shangazi. Wewe niombee sauti isinikauke.

Nisalimie Mjomba Silvester, Sabina na Bibi Esta, na mwambie bibi chai aliyonipa bado naitumia. Mungu aitunze nyumba yenu na kuwapa mvua ya kiasi.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukuonea haya,

Tumpe