Harusi ya Elburgon Bila Chupa Yako

Ndugu yangu Wafula,

Mguu unaendeleaje huko Gilgil? Huku Elburgon ni baridi na unga wa mbao mpaka kwenye chai. Jana harusini, ile chupa ya soda unayoikwaruza kwa msumari kutoa mdundo tulimpa mwalimu wa kwaya aipige badala yako. Kila nikipiga gitaa, yeye kimya, eti ni adabu kungoja nimalize! Wachezaji wakasimama kama magogo. Nyanyake bibi harusi akanijia: "Yule wa chupa yuko wapi? Wewe tunakuvumilia tu." Mimi, kiongozi wa bendi, na mafuta yote haya ya nywele kichwani!

Wamenifungia keki nikuletee wewe peke yako. Pona upesi, bwana. Nimechoka kuvumiliwa.

Wako,
Barasa