Togwa ya Kufuturu

Jumatano, 3 Ramadhani
Nimepika togwa tena. Uji wa mtama, ukapoa, nikatia kimea, nikafunika. Kesho jioni itakuwa na povu. Baba Zainabu hafuturu bila hiyo, anapenda inavyomchoma puani. Ikizidi siku inakuwa pombe, na pombe haiingii nyumba hii, kwa hiyo naichunga kuliko mtoto. Maji tumepanda nayo kutoka bondeni. Miguu inauma.

Ijumaa, 5 Ramadhani
Kimea kimekwisha. Nimeloweka mtama mwingine. Ukichipua niuanike, niusage. Askari wa serikali wamefika Makote wanatafuta dawa ya vita, ile ya kugeuza risasi kuwa maji. Inasemwa ni maji, mtama na mafuta ya mbarika. Nilisikia, nikaendelea kutwanga. Sikufikiri. Mjinga mimi.

Jumamosi, 6 Ramadhani
Wamekuja asubuhi. Mama mkwe alikuwa bondeni kuteka maji. Wakaona chungu, mtama umelala majini. Kando yake kichupa cha mafuta ya mbarika, ya nywele za Zainabu. Wakauliza chungu cha nani.

Changu. Mdomo haukufunguka. Zainabu alikuwa ananyonya. Baba yake akanitazama, akasema, "Changu." Wakamfunga kamba wampeleke bomani. Chungu wakakipiga teke.

Sikulia. Jioni nimeloweka mtama mwingine.

Jumatatu, 8 Ramadhani
Mama mkwe anasema, "Nenda bomani, mwanangu, ukawaambie ni togwa." Nimemjibu hawatasadiki maneno, lazima waionje. Mtama umeanza kuchipua. Ni ule wa mbegu, wa kupanda mvua hizi. Ameuona. Hakuniuliza tutapanda nini.

Jumatano, 10 Ramadhani
Kimea kimekauka. Nimesaga, nimepika, nimefunika. Nimefanya yote taratibu, nisiharibu. Daku sikuisikia ladha.

Ijumaa, 12 Ramadhani
Nilitoka alfajiri na saumu yangu, kibuyu kichwani, Zainabu mgongoni. Jua kali. Njia nzima nilisikia togwa ikichemka yenyewe mle ndani.

Bomani nilipozibua, gunzi liliruka, povu likanimwagikia mkononi. Shaushi, mkubwa wa askari, akaonja, akacheka. "Kumbe togwa!" Wakapokezana mchana kweupe mpaka kibuyu kikaisha. Nikasema chungu kile kilikuwa changu, cha kimea. Nikamtaja mume wangu. Shaushi akaacha kucheka.

Walimnyonga juzi, Jumatano.

Jumatano nilikuwa jikoni. Siku tano zote alikuwa hai humo ndani, na mimi nangoja mtama uchipue. Niliogopa kusema, basi nikapika. Huo ndio ukweli.

Nimerudi na kibuyu kitupu. Chepesi.

Jumatatu, 15 Ramadhani
Niko edani. Wanakuja majirani, wanakaa, wanaondoka. Wananisifu kwa safari ya bomani. Nanyamaza. Kunyamaza nakuweza.

Jumanne, 16 Ramadhani
Nimemwambia mama mkwe. Kwamba waliuliza, na mimi nilikuwepo, na sikusema. Alikuwa anachambua mboga. Aliendelea mpaka zikaisha, akatoka nje.

Alirudi magharibi na konzi mbili za mtama kwenye upande wa kanga, kaomba kwa jirani. Kaziweka mbele yangu. "Mama Zainabu," kasema, "nimekumbuka togwa."

Nimeuloweka. Chungu kiko mlangoni. Sikukifunika. Atakayeuliza ni cha nani, nitamjibu.